Kurudi Kazini Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi katika semina ya watumiaji wa huduma, Dar es Salaam



  Wengine mmetoka mbali kwa daladala. Safari hiyo ya daladala tutairudia baadaye, maana ina nafasi yake katika mada ya leo.

Upasuaji wa kupunguza uzito si habari ya ng'ambo tena. Zamani kidogo mwenye kuutaka alilazimika kukata tiketi ya India au Afrika Kusini. Leo unapatikana hapa nchini, na wengi wenu mmesikia habari za huduma ya puto la tumboni pale Mloganzila. Wateja wameongezeka, na matangazo yameongezeka pamoja nao. Katika matangazo hayo kuna ahadi inayojirudia kama kiitikio: baada ya siku chache utakuwa umerudi kazini. Hatukuja kumshawishi mtu afanyiwe upasuaji, wala kumzuia. Hilo ni shauri lake na daktari wake. Tumekuja kwa ajili ya ahadi hiyo ya siku chache. Mtu huipangia likizo, akiba, kodi ya nyumba na ada za watoto, na ikimgeuka huilipia kwa afya yake au kwa ajira yake, pengine kwa vyote viwili.

Rai yetu ni kwamba hakuna tarehe ya kurudi kazini inayoweza kuuzwa pamoja na upasuaji. Hospitali yaweza kukadiria muda wa kidonda kupona. Haijui unainua nini kazini, unasimama saa ngapi, unapanda magari mangapi kufika huko, wala kama kuna mahali pa kunywa maji na kwenda haja kwa staha. Mambo hayo ndiyo yanayoamua tarehe, na anayeyajua ni wewe.

Tuanze na mwili wenyewe. Aina mbili za upasuaji huu ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Katika aina ya kwanza daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, robo tatu au zaidi, akabakiza mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika aina ya pili hutengeneza kijifuko kidogo juu ya mfuko huo, chenye kuchukua takriban mililita 30, kisha akakiunganisha na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Siku hizi zote mbili kwa kawaida hufanywa kwa matundu madogo, na ndiyo sababu mgonjwa asiye na matatizo hulazwa siku moja hadi tatu tu. Puto ni jambo jingine kabisa. Hupitishwa kinywani, hakuna kukatwa, hukaa tumboni kwa miezi kadhaa kisha hutolewa. Mwenye puto aweza kweli kurudi kazini baada ya siku chache, kichefuchefu kikishatulia. Hapo ndipo penye mtego wa kwanza: huduma hizo huwekwa katika tangazo moja, na msomaji akachukua muda wa puto akauvisha upasuaji.

Matundu madogo nayo yana hadaa yake. Mgonjwa akijitazama kwenye kioo huona makovu machache mafupi, asione cha kumtisha. Ndani, hata hivyo, kuna mshono mrefu wa pini ndogo za chuma, na ukuta wa tumbo uliotobolewa huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuaminiwa kubeba uzito. Kwa muda huo madaktari wengi hukataza kuinua kitu kinachozidi kilo tano hadi saba. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja huwa na kilo tisa au kumi. Basi mtu aweza kuwa amekatazwa kumbeba mwanawe, na wakati huohuo anafikiria kurudi kupanga katoni stoo.

Kwa upasuaji wa matundu madogo usio na matatizo, mwenye kazi ya kukaa mezani kwa kawaida hurudi kati ya wiki ya pili na ya nne. Mwenye kazi ya kuinua, kusukuma au kuchimba husubiri wiki sita, wakati mwingine zaidi. Aliyefunguliwa tumbo kwa mkato mrefu huhitaji muda mkubwa kuliko huo. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza huwaambia wagonjwa wake watarajie wiki nne hadi sita kabla ya kurudia shughuli zao zote za kawaida. Wapo waliorudi ofisini baada ya wiki moja na hawakudhurika. Hatuwakanushi, lakini si busara kupanga mshahara wa nyumba nzima kwa kutegemea bahati ya wachache.

Tunaomba sasa mtusikilize kwa makini zaidi, kwa kuwa sehemu hii ndiyo inayogusa uhai. Matatizo makubwa mawili ya upasuaji huu hayana adabu ya kutokea mgonjwa akiwa bado wodini. Mshono wa ndani ukivuja, mara nyingi huvuja katika wiki mbili za kwanza, na wakati mwingine baada ya hapo. Damu kuganda katika mishipa ya mguu, na bonge lake kusafiri hadi mapafuni, huwapata wengi baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, ndani ya mwezi wa kwanza. Sasa iwekeni hesabu hiyo kando ya maisha. Wiki ya pili mtu anajisikia nafuu. Maumivu yamepungua, kilo kadhaa zimeondoka, nguo zimelegea, majirani wanamsifu, na mkuu wake wa kazi amekwisha kupiga simu mara mbili. Kumbe hatari bado haijapita.

Dalili za kuzijua kabla hujafikiria kurudi ni hizi: moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, mapigo yakazidi 120 kwa dakika; homa; maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, au maumivu ya bega la kushoto yasiyo na sababu; pumzi kubana au kifua kuuma; mguu mmoja kuvimba na kuuma kuliko mwenzake; kutapika kusikokoma; choo cheusi kama lami. Mojawapo ikitokea, mgonjwa huenda hospitali saa hiyohiyo, hasubiri zamu iishe. Tunasema hivyo kwa sababu kazini dalili hizi hupewa majina mengine. Moyo kwenda mbio huitwa uchovu wa kuanza kazi, bega huitwa kulala vibaya, tumbo huitwa gesi, na mwenzako mwenye huruma hukutafutia tangawizi.

Ndiyo maana umbali nao ni sehemu ya uamuzi. Mwalimu wa shule iliyo saa tano kutoka kwa daktari aliyempasua hana kazi nzito. Kusahihisha madaftari hakupasui mshono. Lakini akirudi kituoni wiki ya pili anakuwa amejiweka mbali na mtu pekee anayejua kilichofanyika ndani ya tumbo lake. Afadhali akae kwa ndugu, karibu na hospitali, hadi apite ukaguzi wa kwanza na wa pili. Mwenye kazi hiyohiyo mtaa wa pili kutoka hospitali aweza kurudi mapema kuliko yeye.

Tukitoka hapo, twende kwenye maji, ambayo husahauliwa kuliko yote.

Baada ya upasuaji mtu hutakiwa kunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, naye hana tena mahali pa kuyaweka kwa mkupuo. Mtu mwenye mfuko wa kawaida humaliza glasi kwa pumzi mbili. Huyu hunywa mafunda madogo, mawili au matatu kila baada ya dakika chache, kutwa nzima. Wala hanywi pamoja na chakula, bali husubiri kama nusu saa baada ya kula. Kwake kunywa maji ni kazi kamili. Upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitali katika wiki za mwanzo. Na hapa kwetu kuna joto.

Hapo ndipo daladala inapoingia. Anayetoka Mbagala kwenda Posta, au Kimara kwenda Kariakoo, hutoka nyumbani alfajiri, husimama foleni, hupanda akasimama tena, na mkono mmoja umeshika bomba. Wengi wetu hatunywi maji asubuhi kwa makusudi, tukijua njiani hakuna choo. Kwa mtu mzima wa afya hilo ni usumbufu tu. Kwa aliyepasuliwa wiki tatu zilizopita, saa mbili bila funda la maji asubuhi na nyingine mbili jioni ni pengo asiloweza kuliziba usiku. Ongezeni kiwiko cha abiria mwenzake tumboni, na breki za ghafla. Tumewahi kusikia mtu akisema kazi yake ni nyepesi, ya kubonyeza kompyuta. Tulipomwuliza anafikaje huko, akacheka. Katika jiji hili safari yaweza kuwa nzito kuliko kazi.

Kwa sababu hiyo tunashauri jambo ambalo halina gharama. Wiki moja kabla ya tarehe unayoitamani, ishi nyumbani siku mbili mfululizo kana kwamba uko kazini. Amka saa ileile, oga, vaa viatu vya kazi. Toka utembee au upande gari kwa muda unaolingana na safari yako, wakati ambao magari hayajajaa. Rudi ukae kitini au usimame kama kazi inavyotaka, ukiwa na chupa yako ya maji na chakula chako katika chombo, ule kwa muda wa mapumziko mnaopewa na si zaidi. Andika umekunywa kiasi gani. Ikifika saa nne asubuhi umekwisha kulala kitandani, umepata jibu. Ikifika saa kumi jioni umekunywa glasi tatu tu, umepata jibu pia, hata kama hukuchoka. Ukiyamaliza yote siku zote mbili bila kizunguzungu, mpelekee daktari karatasi hiyo siku ya ukaguzi, atakuwa na kitu cha kutazama kuliko swali la "unajisikiaje?", ambalo kila mwenye hamu ya kurudi hulijibu "vizuri".

Chakula hakitatuchukua muda mrefu, kwa kuwa hospitali hutoa mpangilio wake: vimiminika kwanza, kisha vilivyopondwa, kisha laini, na kwa kawaida mtu hufikia chakula cha kawaida baada ya wiki sita hadi nane, kwa vipimo vidogo. Lililo muhimu kwetu ni kwamba kantini nyingi haziuzi chakula cha hatua hizo. Supu iliyochujwa, mtindi usio na sukari, yai laini, maharage yaliyopondwa: hivi vitatoka nyumbani, na vinahitaji jokofu au chombo cha kuhifadhi ubaridi. Aliyefanyiwa aina ya pili ya upasuaji ajihadhari zaidi na sukari. Soda, juisi ya sukari au ile chai ya ofisini inayokuja tayari na vijiko vitatu yaweza kumletea, ndani ya nusu saa, jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kusokota na kuharisha. Kwa karani ni aibu ya dakika 40. Kwa dereva ni jambo jingine.

Tukitaja dereva, tutazame kazi chache kwa karibu. Dereva hashiki usukani wakati bado anameza dawa za maumivu zinazoleta usingizi, wala kabla hajaweza kukanyaga breki kwa nguvu zote bila tumbo kumzuia. Ajaribu gari likiwa limesimama. Mwenye bodaboda hukaa juu ya matuta na mashimo, tena hubeba abiria anayemkumbatia tumbo. Wiki sita si nyingi kwake. Muuguzi hugeuza wagonjwa kitandani, kwa hiyo apangiwe sehemu isiyo na kuinua. Mlinzi wa usiku aulize ratiba ya dawa na maji itakuwaje saa zikipinduka.

Mama lishe anatupa kazi kubwa zaidi, na humu ukumbini wapo. Huamka saa kumi alfajiri, hubeba ndoo, hugeuza ugali wa watu 40 kwa nguvu za tumbo na mabega, husimama karibu na moto unaomkausha maji, na hupaswa kuonja mboga. Hana mkuu wa kazi wa kumpa likizo, lakini pia hana wa kumlipa. Kwake tunasema wazi: akiba ihesabiwe kwa wiki sita, hata kama aliyemuuzia huduma alisema mbili. Kama ana rejesho la kikundi kila wiki, aongee na kikundi kabla ya upasuaji, si baada ya kukosa rejesho la pili. Na kama binti yake au mwenzake atashika biashara, basi anaporudi arudi kwanza kama mpokea fedha aliyeketi, sufuria ziendelee kugeuzwa na mwingine. Wengi watakaomwona amekaa watasema amekuwa bosi. Waseme.

Kuna dawa pia. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aelewe kwamba mwili wake hubadilika haraka baada ya upasuaji huu, pengine kabla hata uzito haujapungua sana. Kipimo cha insulini kilichomfaa mwezi uliopita chaweza kumshusha sukari akaanguka. Dawa ya presha iliyomfaa chaweza kuwa kipimo kikubwa mno akainuka kitini akaona giza. Asirudi kwenye mashine, ngazi au usukani kabla vipimo hivyo havijapangwa upya na daktari na kukaa sawa kwa siku kadhaa. Na wote kwa jumla: ukiumwa kichwa au mgongo kazini, usitume mtu duka la dawa akuletee diklofenaki au ibuprofeni kama ulivyozoea. Dawa za jamii hiyo zaweza kuchimba vidonda kwenye mshono, hasa kwa aliyefanyiwa aina ya pili. Mwulize daktari mapema utumie nini. Mara nyingi jibu huwa parasetamo. Vitamini na madini alivyokuandikia si vya hiari, na kwa wengi ni vya maisha yote.

Tuje kwenye sheria, kwa kuwa wengi hurudi mapema si kwa sababu wamepona bali kwa sababu wanaogopa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha tabibu mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri hapaswi kukataa bila sababu ya msingi. Ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo hiyo yenye malipo, na hapo ndipo watu wa ajira mpya huumia. Ukiwa na mkataba wa hali bora wa chama cha wafanyakazi, usome. Waweza kuwa na masharti mazuri zaidi. Na msichukue ushauri wa ndugu aliye nchi nyingine: Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inaweka kima cha chini cha siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka. Aliyerudi kazini Nairobi baada ya siku kumi na nne huenda alifuata kalenda na si mwili wake.

Wiki sita ni siku 42. Kwa mfanyakazi wa Bara ambaye hajagusa likizo yake ya ugonjwa, siku hizo zimo ndani ya mshahara kamili, na zinabaki nyingine. Tunalirudia hili kwa sababu tumeona watu wakiomba likizo ya mwaka kwa siri, siku 28, kwa aibu ya kusema wanafanyiwa nini, kisha wakakwama zilipokwisha.

Waajiri wengine huuita upasuaji huu urembo. Shirika la Afya Duniani linautambua unene uliokithiri kuwa ugonjwa sugu, na upasuaji huu ni tiba yake. Hata hivyo hatuwashauri mbishane ofisini kuhusu tumbo la mtu. Cheti kiseme mgonjwa hawezi kufanya kazi kuanzia tarehe fulani hadi fulani, na kitakapofika wakati, cheti cha pili kiseme anaweza kurudi kwa masharti gani: asiinue zaidi ya kilo kadhaa, akae kila baada ya muda fulani, aruhusiwe chupa ya maji mahali pa kazi. Msimamizi anahitaji kujua mipaka ya mwili wako. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na si habari za kubandikwa ubaoni au kuzungumzwa kwenye kundi la simu la idara. Mambo yakifika pabaya, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko la kuachishwa isivyo halali, asizipoteze kwa kusubiri hasira zipoe.

Wanaokwenda kupasuliwa nje ya nchi wana hesabu ya ziada. Siku za kukaa karibu na hospitali kabla ya kuruhusiwa kuruka, na siku za safari, zote ni siku za kutokuwepo kazini. Safari ndefu ya ndege nayo huongeza hatari ya damu kuganda, hivyo tarehe ya tiketi ya kurudi iidhinishwe na daktari, na iwe tiketi inayoweza kubadilishwa. Msiondoke huko bila ripoti ya upasuaji, orodha ya dawa na cheti cha mapumziko. Kisha, kabla hamjapanda ndege ya kwenda, tafuteni daktari wa hapa nyumbani atakayekubali kuwapokea mkirudi. Huyo ndiye atakayeandika cheti ambacho mwajiri hatakuwa na shaka nacho, na ndiye atakayewaona homa ikipanda usiku.

Sasa, mnunuzi aulize nini kabla ya kutoa fedha? Tungependa aombe majibu kwa maandishi. Bei aliyotajiwa inajumuisha ukaguzi wa miezi mingapi? Mshono ukivuja, gharama ya kurudi chumba cha upasuaji ni ya nani? Nani hupokea simu saa nane usiku? Kwa kazi yangu, niliyokueleza, unakadiria wiki ngapi, na utaniandikia? Swali hili la mwisho ni kipimo kizuri cha mtoa huduma. Atakayejibu haraka bila kuuliza unafanya kazi gani amekujibu zaidi ya alivyokusudia. Kwa bima, msikubali neno la mdomo la wakala. Ombeni barua ya kibali inayotaja upasuaji kwa jina lake, na mwulize waziwazi kama matatizo yanayofuata nayo yanalipiwa, maana hilo ni swali tofauti na la upasuaji wenyewe. Usajili wa daktari huthibitishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Na tangazo lililokuvutia lihifadhi, picha yake na tarehe yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha watumiaji katika biashara, na malalamiko yenye tangazo mkononi husikilizwa kwa wepesi kuliko malalamiko ya kukumbuka.

Siku yenyewe ikifika, anza Jumatano au Alhamisi ukiweza, ili wiki ya kwanza iwe fupi na mwisho wa juma ukupokee. Omba nusu siku kwa wiki moja kama kazi inaruhusu. Waajiri wengi hukubali wakiombwa mapema kwa barua fupi yenye tarehe ya mwisho, na hukataa wakiombwa asubuhi hiyohiyo. Weka tayari katika kalenda siku za ukaguzi za mwaka mzima, umwoneshe msimamizi mara moja badala ya kumwomba kila mara. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita wengi hupukutika nywele; mara nyingi huota tena, lakini uchovu ukiandamana nazo, damu ipimwe. Anayekusudia kufunga Ramadhani akiwa kazini amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa ajili ya maji yaleyale tuliyoyazungumza.

Kwenye meza ya mlangoni tumeweka karatasi ya siku mbili za majaribio, yenye nafasi ya kuandika maji, chakula na saa za kusimama. Chukueni hata kama mnaohusika ni ndugu zenu. Waliokuja na karatasi za bei au barua za bima tutazisoma pamoja baada ya chai, mmoja mmoja, pembeni. Chai ya maziwa ipo, na isiyo na sukari ipo upande wa dirishani. Maswali tuyaanzie nyuma.